Nilifanya Usafi, Maiti Ikapotea

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi. Mtaani kwetu Kimara mjumbe hupita asubuhi kuangalia nani yuko nje na reki na nani kajifungia ndani akijifanya kasafiri. Mwezi ule nilimwambia nina zamu ofisini. Sikuwa na zamu yoyote, nilikuwa na uvivu. Lakini uongo wa asubuhi una kero yake, nikaona bora niufanye uwe kweli: nikawasha laptopu, nikaingia kwenye seva ya majaribio ya ofisi, nikakuta diski imejaa asilimia 97.

Nikaona huo ndio mtaro wangu.

Nikaandika amri moja ya find: faili lolote lenye umri wa zaidi ya siku 90, futa. Majina sikuyasoma. Anayefyeka nyasi hasomi majina ya nyasi. Diski ikashuka mpaka 61. Nikapiga picha ya skrini, nikairusha kwenye grupu la ofisi. Bosi akajibu kwa dole gumba, dada wa majaribio akaandika "hongera kaka, umetuokoa", nami nikala ubwabwa na kulala mchana kama mtoto aliyenyonya.

Jumatatu saa mbili asubuhi jaribio namba 14 likawa jekundu, yaani limefeli.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Programu yetu inasoma miamala ya mawakala wa pesa za simu. Ni kubwa, imeandikwa kwa lugha ya C++, na mara mojamoja huanguka kama mlevi kwenye ngazi. Ikianguka, Linux, mfumo unaoendesha seva yetu, inaweza kuchukua kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya programu saa ileile na kukimwaga chote kwenye faili ambalo jina lake huanza na core. Hilo core ni neno la kizee: kumbukumbu za kompyuta za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa vipete vidogo vya sumaku vilivyotungwa kwenye nyaya, ukiziangalia kwenye picha utadhani ni shanga za kiunoni. Shanga ziliondoka zamani, jina likabaki. Ofisini tunaliita faili hilo dampo wakati wa mchana, na tukikesha nalo tunaliita maiti.

Sasa tuna kijiprogramu kingine ambacho ni daktari wa mochwari. Anapewa maiti, anaipasua, anaandika ripoti: marehemu alikuwa anafanya nini, alipigwa na signali gani, yaani ujumbe wa namba ambao Linux huutuma kwa programu, na nyingine huua. Na jaribio namba 14 kazi yake ni kuhakikisha utaratibu wote unakwenda. Linaiwasha programu, linaiua makusudi kwa signali 11, linaingia kwenye folda kutafuta maiti, linamkabidhi daktari, halafu linaangalia kama ripoti imetaja signali 11. Miezi minane lilikuwa kijani, halijawahi hata kukohoa.

Kwenye kikao cha saa tatu bosi akauliza shida ni nini. Bosi wetu ametokea uhasibu, na maneno yetu huyapokea kama mtu anavyopokea noti iliyochanika.

"Dampo halionekani, bosi."

"Dampo? Lile la Pugu Kinyamwezi?"

"Hapana, la kwenye seva."

"Seva yetu ina dampo? Si uliisafisha Jumamosi?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Naomba msomaji aikumbuke sentensi hiyo ya bosi, kwa sababu mimi niliisahau kwa siku mbili na nusu.

Nikaliendesha jaribio kwenye laptopu yangu. Kijani. Nikarudia mara kumi, kijani mara kumi. Nikamwambia dada wa majaribio kwamba kwangu linafanya kazi.

"Kwako hata ugali unaiva bila moto," akasema, akarudi kwenye skrini yake.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa ulimit. Hii ni mipaka ambayo Linux humwekea kila mchakato, yaani kila programu inayoendeshwa, na ukiuliza ulimit -c unaambiwa ukubwa wa juu wa dampo unaoruhusiwa. Mara nyingi jibu ni sifuri, na ndivyo ilivyokuwa kwenye seva. Yaani umeruhusiwa kufa, ila sanda uliyopimiwa ina mita sifuri. Nikafurahi, nikasema nimemkamata mwizi, nikaandika unlimited, nikaendesha tena. Jekundu. Programu ilikuwa inaondoka na msimbo 139, ambao ni 128 ukijumlisha 11, maana yake imekufa kweli kwa signali 11. Kwa hiyo cheti cha kifo ninacho, mwili sina.

Nikahamia kwenye core_pattern, faili lililo ndani ya /proc linaloiambia Linux maiti ipelekwe wapi. Hapa ndipo jasho lilipoanza, kwa sababu majaribio yetu yanaendeshwa ndani ya kontena, na kontena ni kama chumba cha kupanga Manzese. Mlango ni wako, kufuli ni lako, pazia umenunua mwenyewe, lakini LUKU ni moja na mita iko kwa mwenye nyumba. Kiini cha Linux ndiyo LUKU. Unaweza kusoma core_pattern ukiwa ndani ya kontena, lakini kilichoandikwa pale ni cha mashine mama, na wapangaji wote mnakitumia hichohicho.

Cha kwetu kilianza na alama hii: |. Ukiiona, ujue maiti hailazwi kwenye folda yoyote, inakabidhiwa programu nyingine iliyoko nje, kwa mwenye nyumba. Mashine yetu ni ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, hivyo mpokeaji alikuwa apport, programu yake ya kupokea taarifa za vifo. Nikafungua logi ya apport nikakuta mstari baada ya mstari, kila mmoja unasema mchakato fulani umefia ndani ya kontena ambalo halina apport. Basi, hakuna zaidi. Maiti zetu zilikuwa zinafikishwa getini, mlinzi anaandika kwenye daftari, halafu hakuna anayejua zilikoishia.

Ningekuwa na akili iliyotulia ningejiuliza swali dogo sana: kama tangu tuhamie kwenye kontena maiti hazifiki, hiyo kijani ya miezi minane ilitoka wapi? Sikujiuliza. Nilikuwa nimeshikwa na homa ya kutafuta.

Asubuhi ya Jumanne nikiwa kwenye mwendokasi kutoka Kimara, tumebanana kama dagaa kwenye kiroba, dada wa majaribio akapiga simu. Nikaongea kwa sauti ya mtu ambaye mtandao unamsumbua.

"Nimemuua tena saa kumi na moja alfajiri… Ndiyo, kafa kabisa, nimehakikisha… Maiti hakuna, nimetafuta kila mahali… Mzazi wake? Yupo hai, anasubiri taarifa tu. Asipokuja kuzichukua mtoto atabaki mzuka… Usijali dada, nikifika namuua tena, safari hii mbele yako."

Kwa Linux hayo yote ni maneno ya kawaida. Mchakato huzaa mtoto, mtoto akifa mzazi anatakiwa apokee taarifa za kifo, na asipozipokea mtoto hubaki kwenye orodha kama mzuka, hali chakula wala haondoki. Lakini abiria hawakuwa na habari hiyo. Nilipokata simu nikakuta nimezungukwa na uwazi. Ndani ya mwendokasi, saa moja na nusu asubuhi! Kwa mara ya kwanza tangu mabasi yale yaanze 2016 nikaweza kunyoosha mikono yote miwili. Mama mmoja alimvuta mwanawe akamficha nyuma ya kikapu. Mzee mwenye baraghashia akanisogelea taratibu, akaniambia kwa upole wa mtu anayeongea na kichaa:

"Mwanangu, kituo kinachofuata kinaitwa Usalama. Shuka hapo ukapumzike."

Nilishuka. Niliona aibu kumkatalia mzee. Nikasubiri basi jingine dakika ishirini na tano.

Usiku ule nikaamua kuandika programu ndogo kabisa ya C, mistari sita, ambayo kazi yake pekee ni kufa, ili nifuatilie mwili mmoja hatua kwa hatua. Nikaiambia isome kilichopo kwenye anwani sifuri ya kumbukumbu, mahali pasiporuhusiwa. Hakuna programu ya kawaida inayosoma anwani sifuri ikabaki hai. Nikaiendesha. Ikamaliza salama, msimbo 0, kama mtu aliyetoka sokoni. Nikairudia. Salama. Miaka saba nimekuwa nikipigana programu zisife, na leo nimempata mmoja namwomba afe, anakataa!

Kumbe ni kompaila, ile inayogeuza msimbo tulioandika kuwa programu. Nilikuwa nimewasha kiwango cha kurahisisha msimbo, kompaila ikaona thamani inayosomwa pale haitumiki popote, ikahesabu kuwa ni kazi bure, ikaufuta mstari mzima. Iliniokoa na kosa langu bila kuombwa. Nikaweka abort(), amri ya kujiua, programu ikafa vizuri kwa signali 6, nikalala saa nane.

Jumatano mchana tulikuwa tunakula wali maharage wa mama ntilie. Tuna dogo mmoja yuko fildi kutoka chuo, mkimya, hujishughulisha na sahani yake. Alikuwa ameiangalia laptopu yangu iliyokuwa wazi pembeni.

"Kaka, samahani. Hii maiti ya kwako mbona ina kilobaiti mia tatu na kitu?"

"Kula kwanza, dogo."

"Nakula. Ila programu yetu si inabeba giga mbili na nusu? Tembo akifa mzoga wake unakuwa kama wa paka?"

Sikumjibu. Nilikuwa natoa jiwe kwenye maharage.

"Halafu tarehe yake ni ya Februari, kaka."

Kijiko kikasimama njiani. Nikafuta mkono, nikaandika file core.2217, yaani nikaiuliza Linux faili hilo ni la nini. Jibu likaja mstari mmoja: dampo la biti 64, limetokana na 'sleep 600'.

Kwa wasioishi na Linux: sleep ni amri isiyofanya kitu. Unaiambia ilale sekunde 600, inalala sekunde 600, inaamka, inaondoka. Mtu fulani mwezi wa pili, kabla hatujahamia kwenye kontena, alitaka kuona kama dampo zinatoka. Akailaza sleep, akaipiga signali 11, mwili ukaanguka kwenye folda, yeye akaridhika na kwenda zake. Jaribio namba 14 huchukua faili lolote linaloanza na core. Na mimi, wiki yangu ya kwanza kazini, niliinakili folda yote kama ilivyo kwenye laptopu yangu, na mwili ndani.

Kwa hiyo kwa miezi minane, mara kadhaa kila siku, tulikuwa tunaiua programu yetu, maiti yake inapotelea getini, halafu tunaingia mochwari kumtoa mtu yuleyule aliyekufa Februari. Daktari anampasua, anaandika kuwa amekufa kwa signali 11. Hakudanganya hata siku moja. Alikuwa kweli amekufa kwa signali 11.

Na maiti ya kwenye seva niliizika mimi, Jumamosi, kwa find, nikapiga na picha.

Nikaenda kwa bosi mwenyewe kabla dogo hajaenda.

"Kwa hiyo ulilifuta dampo," akasema.

"Ndiyo, bosi."

"Mimi si nilikuuliza Jumatatu?"

Kurekebisha hakukuchukua hata saa moja. Kwa mwenye nyumba nikaiondoa ile alama ya |, nikaandika njia ya folda pamoja na %e na %p ili kila maiti ivae jina la programu na namba ya mchakato wake. Jaribio nikaliambia lifagie folda kabla ya kuanza, na lisipokee mwili wowote bila kuuliza jina. Tukaita watu. Bosi akavuta kiti. Nikabonyeza.

Programu ikafa. Maiti ikatokea, giga mbili na nusu, jina sahihi, tarehe ya leo. Nilitaka kulia. Jaribio likamkabidhi daktari, daktari akaifungua, na daktari akaanguka.

Hakuwahi kuona maiti kubwa maishani mwake. Ukubwa wa faili alikuwa anautunza kwenye namba ya biti 32 inayokubali hasi, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647, ukipita hapo inageuka kuwa hasi. Akajaribu kuandaa meza ya urefu hasi, akashindwa, akafa kwa signali 6. Na kwa kuwa sasa utaratibu ulikuwa safi, pembeni ya tembo likatokea dampo la pili, lina jina lake: daktari.

"Huyu naye nani atampasua?" bosi akauliza. Ndilo swali la kitaalamu kuliko yote niliyosikia wiki ile.

Daktari tulimtibu siku mbili baadaye. Kufagia maiti za programu kulikuwa kwenye utaratibu, ila za majaribio mengine hakuna aliyezikumbuka, na kumbe yapo mengi yanayoua watu kimyakimya, ambayo zamani miili yao ilikuwa inaishia getini. Wiki tatu baadaye diski ikasoma 97.

Nilikuwa nimeshaandika find, sijabonyeza, ujumbe wa bosi ukaingia kwenye grupu: "Kesho Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kaka, tafadhali, kafagie kwenu."

Mjumbe alinipa mtaro wa nyuma ya msikiti, ule mrefu.