Nimelala selo kwa hiari, mama amenuna

Picha ndiyo iliyoniponza. Niliiweka status ya WhatsApp Jumamosi usiku: nimeshika nondo za mlango kwa mikono miwili, uso nimeukunja kama mtu aliyenyimwa dhamana, na chini nimeandika "Niombeeni." Nikaacha simu kwenye chaji nikaenda kula. Niliporudi nilikuta nimepigiwa mara kumi na nne, saba kati ya hizo mama, na ujumbe wa sauti wa mjomba wa Malaba akiuliza kwa upole wa mtu ambaye ameshaanza kuchangisha: "Mwanangu, huko dhamana ni pesa ngapi?"

Nikampigia mama haraka. Nikamwambia sikufungwa, hii ni hosteli, zamani ilikuwa jela ya wanajeshi, iko Ljubljana kule Slovenia, mwendo wa saa tatu hivi kwa basi kutoka Graz, Austria, ninakofanya kazi, na nimekuja kupumzika siku mbili tu. Akanyamaza. Kisha:

"Kwa hiyo umelipa?"

Nimelipa, mama.

"Umelipa ili ulale selo."

Ndiyo, mama.

"Shilingi ngapi?"

Nilipogeuza euro kuwa shilingi za Uganda na kumtajia kitu cha laki mbili na nusu, yule mke wa polisi mstaafu, aliyewapelekea mahabusu uji miaka yote ile bila kulipwa hata senti, alikata simu.

Hosteli yenyewe inaitwa Celica, na kwa lugha yao celica ni selo; hawakuhangaika kuficha. Ilikuwa jela ya kambi ya Metelkova, iliyojengwa enzi za Austria-Hungaria na kuishia mikononi mwa jeshi la Yugoslavia, ambalo liliondoka Slovenia mwaka 1991. Mwaka 2003 ikafunguliwa kwa wageni. Vyumba 20 vya wafungwa walipewa wasanii, zaidi ya 80 kwa jumla, kila chumba na watu wake, wakifanye watakavyo. Nondo wakaziacha. Chini kuna vyumba vya adhabu, vile vya kufungiwa peke yako gizani, na hivyo havikupakwa kitu. Unashushwa, unaonyeshwa, unapanda juu ukiwa kimya. Kuna mahali pa sala pa dini tano, bega kwa bega. Kuna maonyesho ya picha, kuna muziki, na nje kuna mtaa mzima wa majengo ya kambi ambayo hayana hata hatua moja ya ukuta iliyobaki wazi. Vigae, vyuma chakavu, masanamu yenye meno, rangi juu ya rangi.

Lakini kilichoninyima usingizi si masanamu. Ni ukubwa wa chumba. Nilishuka kitandani saa saba usiku nikakipima kwa hatua, peku, na nikaona kimekaribia kabisa nyumba niliyokulia.

Mnaozijua mama ingia pole, zile nyumba za polisi za kambi ya Nsambya, Kampala, mmeshanielewa. Duara la bati, kofia ya bati juu, mlango mfupi unaokulazimisha uiname kana kwamba kila siku unaingia kwa mkwe. Tulikuwa sita. Shuka ya maua ilikatisha katikati: huku baba na mama, huku sisi na masufuria. Saa sita mchana unaiva, saa tisa usiku unaganda, na mvua ikinyesha hakuna mazungumzo mpaka ipite. Huo ndio ulikuwa ukuta wetu, na niliupenda, kwa sababu ulikuwa hauna kona.

Nilikuwa na miaka tisa hivi nilipouchora. Nilichukua kaa kwenye sigiri ya mama nikachora garimoshi. Nilianza karibu na mlango, kichwa cha treni na moshi wake, nikaja na mabehewa, moja, moja, nyuma ya masufuria, juu ya magodoro, nikapita upande wa wazazi, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ya mviringo, behewa la mwisho likakikuta kichwa. Treni isiyokuwa na mwisho. Baba aliporudi zamu aliinama akaingia, akasimama katikati, akageuka polepole mzunguko mzima kuifuata. Hakusema kitu. Akaketi akavua buti.

Ilidumu siku kumi na moja. Kisha ukaja ukaguzi, afande akachungulia na kofia yake, akasema maneno matatu: "Mali ya serikali." Niliisugua kwa jivu na mchanga, behewa kwa behewa, na mama akinimulikia kibatari. Moshi wa treni nilishindwa kuufikia. Ulibaki pale juu, doa la kijivu, mpaka tulipohama.

Basi mtu huyo ndiye aliyelala Celica. Msinishangae kwa kutolala.

Ninachotaka kusema ni kimoja, na najua mtanirukia: kwetu ukuta una wenyewe, na wenyewe si sisi. Shika barabara ya Jinja kutoka Kampala uhesabu. Duka la kwanza limepakwa rangi ya kampuni ya simu, la pili rangi ya kampuni nyingine ya simu, la tatu saruji, la nne sabuni. Mpaka kinyozi, mpaka bucha, mpaka nyumba ya mtu anayolala na watoto wake, imegeuzwa bango. Kampuni ikimaliza, anayefuata kushika brashi ni yule wa alama ya X nyekundu, ya kubomolewa, na ile X mnaijua haina rufaa. Wa tatu ni mwenye nyumba mwenyewe, ambaye akipata nafasi ya kuandika ukutani kwake anaandika neno moja tu: haiuzwi. Tena anawaandikia ndugu zake.

Nina binamu anachora. Anachora hasa, si mchezo. Kwa penseli alimtoa nyanya yetu mpaka ule mshipa wa kwenye kipaji. Unajua anafanya nini? Anapaka maduka ya kampuni. Bweyogerere hadi Lugazi, rangi moja, ngazi ileile, analipwa kwa ukuta. Nilimuuliza mara moja kama huwa anachorachora pembeni. Akacheka. "Dada, wanapiga picha kabla ya kulipa."

Sasa nasikia mnaanza. *Kaenda kyeyo, vibarua vya ughaibuni, miaka sita, tayari anatudharau.* Ndugu zangu, mimi kazi yangu ni kuwaogesha wazee wa watu. Naamka saa kumi na moja, nabadilisha nepi za mabwana waliokuwa mahakimu. Hakuna mahali hapo ningepata pa kuweka majivuno. Na kama mnadhani huku najichorea, karibuni Graz chumbani kwangu: kuta nne nyeupe, na mkataba unasema siku nitakayotoka niziache nyeupe. Msumari mmoja wa kalenda niliuombea ruhusa kwa barua. Kwa barua! Kwa hiyo sisemi Ulaya yote ni Celica.

*Wazungu wameshiba ndiyo maana wanachora.* Hili linaniudhi zaidi, kwa sababu hata mimi nililiamini. Jeshi lilipoondoka, vijana na wasanii waliiomba ile kambi, wakaahidiwa, kisha Septemba 1993 usiku wakasikia mashine zinabomoa. Wakaingia wakakaa. Wakakatiwa maji, wakakatiwa umeme, wakakaa. Na msidhani baada ya hapo serikali yao iligeuka malaika. Mwaka 2006 walikuja tena wakaangusha jengo mojawapo mle mle Metelkova. Kijana wa mapokezi aliponieleza nilimwambia hayo ya kukatiwa maji kwetu si habari, ni Jumanne. Alicheka, lakini nadhani hakuelewa.

Mwaka huohuo wa 1993, mnakumbuka, falme zilirudishwa Uganda, na Lubiri ya Mengo, kasri ya Kabaka wa Buganda, iliyogeuzwa kambi baada ya jeshi la Obote kuishambulia 1966, ikaanza njia ya kurudi kwa wenyewe. Kambi mbili, mwaka mmoja. Nilikwenda Mengo nilipokuja likizo. Mnalijua lile handaki. Lilichimbwa liwe ghala la silaha, Amin akalifanya mahali pa kutesea watu. Kiongozi wetu wa watalii alimulika tochi ukutani na pale palikuwa na alama za viganja. Nilitaka kuweka changu juu ya kimojawapo nipime, nikashindwa. Hapo sitaki mtu aje na brashi, mnisikie vizuri. Hata Celica wamejua cha kupaka na cha kuacha. Lakini ni ajabu gani hii, kwamba katika kuta zote nilizowahi kuguswa nazo Kampala, ule ndio ambao watu waliacha mikono yao wenyewe?

*Kwa hiyo jela ya Luzira tuifanye hoteli?* Hapana, bwana. Luzira bado ina wateja, tena wamebanana. Na wewe unayeuliza hivyo unajua sikusema hivyo.

*Na wasanii tunao.* Tunao! Nani kakataa? Makerere wanafundisha sanaa tangu miaka ya 1930, wakati mama Margaret Trowell, aliyeyaanzisha mafunzo hayo, akiwa na wanafunzi wachache tu. Kuna kituo cha sanaa cha 32° East pale Kabalagala. Mwaka 2014 tamasha la KLA ART liliwapandisha wasanii kwenye boda boda, pikipiki zikawa sanaa inayotembea mjini, na niliziona kwa macho yangu nikajisikia kama jiji limevaa nguo ya Idi. Kuna Ruganzu Bruno aliyewajengea watoto wa mtaa wa Acholi Quarters uwanja wa michezo kwa chupa na matairi ya kutupwa. Pale Celica nilimwonyesha yule kijana wa mapokezi picha zake kwenye simu, nikizikuza kwa vidole kama vile mimi ndiye niliyefunga matairi. Nilijivuna mpaka nikaona haya. Kwa hiyo tusidanganyane kuhusu vipaji. Pikipiki inachorwa kwa sababu pikipiki ina mwenyewe anayeweza kusema ndiyo. Ukuta, nani aseme?

Naambiwa Naguru polisi wamejengewa maghorofa. Nimefurahi, kweli, hakuna mtoto anayestahili kukulia ndani ya bati. Dada yangu alinitumia picha. Kuta safi, ngazi safi. Nilichokifanya ni kukuza picha kutafuta kama kuna mtoto ameshachora chochote chini karibu na sakafu, pale mkono wa mtoto unapofika. Sikuona. Labda bado ni mapya.

Na mtu asiniambie Kiswahili changu hiki ndicho kimenifanya niwe mkaidi. Sisi wa kambini tuliitwa watoto wa lugha ya wanajeshi na wezi, nje ya ua tulikuwa tunakimeza. Mwaka 2022 baraza la mawaziri limekikubali kuwa lugha rasmi, na sasa wale wale wananipigia niwasaidie kutafsiri barua. Nawasaidia. Lakini nacheka kwanza.

Mama alinipigia jana. Hasira zilikuwa zimepungua, au alikuwa na shida, maana huwa vinakuja pamoja. Nyumba yao ya Tororo iko barabarani, malori ya Malaba yanapita mlangoni, na mbele wamefungua kiduka. Walipiga plasta mwaka jana, rangi bado. Sasa wamekuja watu wa kampuni ya simu: watapaka mbele yote, na ubavuni, bure, na watampa mwavuli.

Nikasema mama usikubali. Nikamweleza yote haya niliyowaandikia, Celica, wasanii, 1993, na nikamkumbusha treni. Alinisikiliza mpaka mwisho, nilimsikia hata anavyokuna sufuria.

"Ile treni," akasema, "baba yako mpaka leo anaisema."

Nikafikiri nimeshinda. Nikamwambia nitatuma hela ya rangi, wachague wenyewe, na binamu aje achore chochote atakacho, treni, Mlima Tororo, hata uso wa mama.

"Ndoo ya lita ishirini ni laki mbili na nusu," akasema. "Nimeuliza."

Kimya. Wote wawili tulikuwa tunapiga hesabu ileile. Zile ndizo nilizozilalia Ljubljana, usiku mmoja, na sikulala.

"Watu wa kampuni wanakuja Ijumaa," akasema mama. "Mshahara wako unaingia lini?"

Jumatatu.