Acheni Msumari Uwe Msumari

Mwezi wa tatu niliingia duka moja la vifaa vya ujenzi pale Kisenyi, Kampala, nikaagiza kilo tatu za misumari ya inchi nne, washa (visahani vya chuma vyenye tundu katikati) nusu kilo na bawaba kumi na mbili. Mwenye duka akaniuliza, "Hajji, unapiga paa au milango?" (Hija sijaenda, lakini Kisenyi kofia inatosha.) Nikamjibu natengeneza picha. Akaacha kupima.

"Picha ya nini?"

"Si ya kitu."

Akatia misumari mingine miwili juu ya mizani. Nadhani alinihurumia.

Swali lake ndilo lililonifanya niandike. Hapa Kampala chuma chakavu kikiangukia mikononi mwa msanii, lazima kitoke korongo yule wa kwenye bendera, au tembo, au ramani ya Afrika. Cheni ya bodaboda inakuwa mkia wa mamba. Wenye kazi hiyo wana mikono, na watalii wananunua, watoto wanakwenda shule. Lakini mimi nikitazama nasema, "Kumbe ni plagi ya pikipiki!" Nikishasema hivyo nimemaliza, naondoka. Ni kitendawili kilichokwisha teguliwa.

Günther Uecker, msanii Mjerumani aliyezaliwa 1930 na kufariki 2025, alianza kupigilia misumari kwenye kazi zake miaka ya hamsini, na hakuiacha hadi uzeeni. Hakuulazimisha msumari uwe ndege. Maelfu ya misumari inasimama ubaoni, mingine imelala upande huu, mingine ule, kama shamba la mtama lililopitiwa na upepo. Haya, nami nimeshatafuta mfano. Ugonjwa ni wetu sote.

Tena Waswahili ndio tusingepaswa kushangaa. Nenda Zanzibar utazame milango ya zamani yenye njumu za shaba, zile nundu za mapambo, zilizojipanga safu kwa safu. Nani amewahi kuuliza njumu zile ni picha ya nini? Watu wanapapasa tu, wanapita. Na hapa kwetu msanii Sanaa Gateja anashona shanga za karatasi juu ya kitambaa cha magome ya mti wa mutuba, rangi zinatiririka bila sura ya mtu. Mwaka 2024 kazi zake zilikuwa kwenye banda la Uganda katika maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia.

Ubao wangu ni plaiwudi nene. Misumari niliihesabu: kilo moja ilitoa 94. Fundi jirani alinifundisha kwamba kwenye mbao ngumu unaugonga kwanza msumari kwenye ncha uwe butu, maana ncha kali hupasua mbao na ncha butu huisagasaga nyuzi zake na kupita. Sikuamini mpaka nilipopasua fremu mbili. Washa nilizipanga chini ya vichwa vya misumari, bawaba nikaziacha wazi nusu, zisimame kama vitabu vilivyofunguliwa.

Kazi iliyobaki ni ya jua, na hapo ndipo tunapowazidi Wajerumani. Sisi tuko karibu juu ya ikweta. Mwezi wa tatu, karibu saa saba mchana, jua liko utosini na linateremka sambamba na ukuta, kwa hiyo msumari mmoja unaangusha kivuli kirefu kuliko wenyewe, wima, kama mvua. Saa kumi vivuli vimelala pembeni na ubao umekuwa mwingine kabisa. Ukiutia ndani chini ya taa ya dari umeuua.

Rafiki yangu mmoja alisisitiza niupulizie rangi ya dhahabu, "upendeze." Nilikataa. Rangi ya namna hiyo ni aibu iliyopakwa juu ya kitu ili kisijulikane kilikotoka. Mvua za masika zikaja, misumari ile ikashika kutu, michirizi ya kahawia ikateremka mpaka ukingoni. Wiki ya kwanza nilisikitika. Sasa naipenda michirizi ile kuliko nilichopanga mwenyewe.

Kosa langu halisi ni ukuta. Ubao niliutundika kwenye ukuta unaotazama kaskazini, na mwezi wa sita ulikuwa unawaka. Lakini tangu mwishoni mwa mwezi wa tisa jua limehamia kusini, na ubao hauna kivuli hata kimoja. Nataka kuuhamisha. Natafuta wa kunishikia upande mmoja, maana kilo tatu za chuma juu ya plaiwudi nene si mzigo wa mtu mmoja kwenye ngazi.