Huduma za simu pasipo mtandao: kipi kisubiri, kipi kisisubiri

Mwaka 2003, mkoani Ratanakiri nchini Kambodia, barua pepe za shule za vijijini zilisafiri kwa pikipiki. Dereva alipita taratibu karibu na shule, na kifaa cha Wi-Fi alichobeba kikazoa ujumbe uliokuwa ukisubiri na kuacha ule uliotoka mjini. Majibu yalichelewa, lakini barua huvumilia kuchelewa.

Wazo hilohilo limo ndani ya ODK na CommCare, programu wanazotumia wahudumu wa afya ya jamii. Mhudumu hujaza fomu ya mjamzito palepale nyumbani kwa mama huyo, hata kama hakuna mtandao. Fomu hukaa kwenye simu mpaka ipate mawimbi. Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito, nami niko upande wao: huduma inayodai mtandao kila dakika huwaacha nje walewale iliyotengenezewa.

Hata hivyo, wanaoupinga hawabishi bure. Wahudumu wawili wakimpima mtoto mmoja, kila mmoja akaandika uzito tofauti, seva, yaani kompyuta kuu inayopokea fomu, ipokee wa nani? Kanuni inayotumika sana ni kuchukua taarifa iliyofika mwisho, ilhali iliyofika mwisho huenda ndiyo iliyoandikwa kwanza. Simu nayo ikiibwa kabla haijatuma, kazi imepotea, na siri za wagonjwa ziko hatarini ikiwa hazikufichwa kwa nywila imara.

Kwenye pesa, kusubiri hakufai kabisa. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilitumika hata kwenye simu ya kitochi, lakini salio lilitunzwa kwenye seva. Simu zingeachwa zilipane zenyewe bila kuiuliza seva, mtu angeweza kumlipa muuza mkaa na bodaboda kwa shilingi elfu ileile.

Kwa hiyo uamuzi ufanywe kwa kila kitendo, si kwa programu nzima. Uzito wa mtoto usubiri. Idadi ya dawa stoo ionyeshwe hata kama ni ya jana, mradi kioo kiseme wazi ni ya jana. Ninachokikataa kabisa ni programu inayoandika “Imetumwa” wakati fomu bado imo simuni. Mhudumu akiamini kwamba rufaa ya mama anayetokwa damu imeshafika hospitali, hatahangaika kutafuta mtu wa kumpigia. Hapo programu iandike “Haijatumwa”, kwa herufi kubwa, na chini yake iweke namba ya zamu ya wodi ya wazazi.