Njoo Inbox Mkuu

Hivi hawa wauza vitabu vya mtumba mtandaoni nani aliwafundisha kuficha bei? Mtu anaposti picha ya kitabu, anaandika "adimu, cha zamani, kipo kimoja tu, wahi", anamwaga na vile vimoto moto vya emoji, unauliza kistaarabu shilingi ngapi, anakujibu "njoo inbox mkuu". Haya nimekuja inbox. Huko inbox badala ya bei naulizwa "uko wapi boss?" Sasa bei ya kitabu na kwangu vinahusiana nini, nikisema Masaki kitakuwa elfu arobaini na nikisema Mbagala kitakuwa elfu nane? Nikasema Mbagala. Akaniambia elfu ishirini na tano, maana Mbagala ni mbali na mafuta yamepanda.

Mi sio tajiri wa kukusanya vitu vya kale, tuelewane. Nafanya kazi ya stoo, mshahara ukiingia unanisalimia tu huku unapita. Ila nina ugonjwa wangu, napenda kitabu ambacho kimeshashikwa na watu kabla yangu, na zaidi ya hapo napenda barua za watu wa zamani, zile zenye mwandiko wenyewe na saini yenyewe, na pale mtu alipokosea akakata kwa mstari. Wenzangu wana timu zao zinawanyima usingizi kila wikiendi na hakuna anayewauliza, mi nikinunua karatasi moja mama Sauda anaitisha kikao.

Tuanze na "orijino". Kuna kijana aliniapia kabisa, "kaka hiki orijino, nakula kiapo", nikatuma hela, na ya kutolea juu, maana hawa watu ukituma bila ya kutolea wanaona umewatukana. Kifurushi kikaja na basi, nikaenda kukifuata stendi Mbezi, nafungua pale pale nasimama katikati ya abiria wa Moshi, naona spairo. Spairo! Fotokopi imetolewa steshenari ikabanwa na plastiki nyeusi, na sio hivyo tu, kwenye ukurasa mmoja katikati kuna kidole gumba cha yule aliyekuwa anatoa kopi, kimetoka vizuri mpaka kucha unaiona. Nampigia namuuliza orijino iko wapi, ananijibu kwa utulivu kabisa kwamba hiyo kopi imetolewa kwenye orijino.

Alafu kuna "kimesainiwa". Hapa ndo roho yangu inadunda kabisa, kitabu kimesainiwa na mwandishi sio mchezo. Nilipoletewa naona kweli kuna saini, tena kubwa, ya mtunza stoo wa shule ya sekondari, pembeni muhuri wa zambarau umeandikwa HAKIUZWI. Yani mi nimeuziwa kitabu chenye maandishi yanayosema hakiuzwi, ushahidi wa wizi nimeulipia kwa hela yangu na sasa uko kwenye kabati langu. Na ndani kuna sahihi nyingine kwa penseli, "kwako Neema, nikikukosa nitakunywa sumu". Muuzaji kasema hiyo nayo inahesabika, saini ni saini.

Nikasema ngoja niwe mtaalamu, nitafute kitu maalumu. Mwalimu Nyerere aliitafsiri ile tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar ikatoka mwaka 1963, yani Rais wa nchi, nchi ina uhuru wa juzi tu, mafaili yamejaa mezani, yeye usiku anamtafutia Brutus maneno ya Kiswahili. Mwaka 1969 akaipitia upya, akarekebisha, ikatoka tena kwa jina la Juliasi Kaizari. Mi nataka ile ya 1963, ya kwanza. Nikamwandikia muuzaji mmoja, nikamwambia kabisa mdogo wangu nipigie picha ukurasa wa nyuma ya jina, ule wenye mwaka. Akanitumia picha ya jalada. Nikamwambia sio jalada, ukurasa wa mwaka. Akanitumia jalada tena, safari hii ameliinamisha. Mwishowe akatuma voisi noti ya dakika nne, anasema "kaka we unataka ya 63, hii ya 69, tofauti ni miaka sita tu, Kaizari si anakufa kote kote?" Nilishindwa cha kujibu kwasababu kweli anakufa kote kote.

Kwahiyo nikahamia kwa wazungu, nikajua kule kuna utaratibu. Na utaratibu upo, tena mwingi, tatizo haukusaidii. Wale wana madaraja ya ubora wa kitabu, na daraja wanaloliita zuri liko chini huko, maana yake kitabu kimechakaa lakini kurasa zote zipo. Ukitaka kitabu ambacho we mwenyewe ungekiita kizuri panda juu madaraja mawili matatu na bei inapanda na wewe. Mi nilikiona kitabu cha Kiswahili cha miaka ya hamsini, kile cha East African Literature Bureau, ofisi iliyoanzishwa 1948 kututolea vitabu sisi wenyewe huku, kinauzwa paundi tano tu Uingereza. Nikafurahi mpaka nikaagiza soda. Nikabonyeza, usafiri ukatokea, paundi ishirini na mbili. Kitabu paundi tano, nauli ishirini na mbili! Kitabu kimeandikwa Kiswahili, kwa ajili ya Waswahili, kikaenda Ulaya kikakaa maktaba ya chuo huko hakuna anayekisoma, maktaba ikachoka nacho ikakigonga muhuri wa kukiondoa, na sasa mi ndo nimekamatwa kukikatia tiketi kirudi nyumbani, kama mtoto wa shangazi aliyekwama ughaibuni ukoo mzima unachangishwa nauli. Na kilipofika kwenye dirisha la vifurushi nikaulizwa "ndani kuna nini cha thamani?" Nikisema hakuna, mbona nimelipa nauli yote hiyo. Nikisema kipo, nitalipia tena.

Na msidhani ni vitabu tu vilivyosafiri. Barua za Kiswahili za zamani kabisa zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, na sasa hivi ziko Goa, India. Barua ya Kilwa ina viza, mi Kilwa kwenyewe sijafika.

Sasa njoo kwenye barua, hapa ndo kuna wasanii wa kweli. Kuna jamaa alinitafuta mwenyewe, sijui nani alimpa namba yangu, akasema anayo barua ya mkono wa Shaaban Robert mwenyewe, ya mwaka 1957, familia fulani Tanga inauza kwa shida, laki nane. Moyo ukaruka. Mzee Shaaban alikuwa muandika barua kweli, zile alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 mpaka 1958 zimetolewa kitabu na TUKI, ile taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2002, kwahiyo wazo la kwamba moja ilidondoka mahali sio la kichaa. Nikasema niione kwanza kwa macho.

Tukakutana kwenye mgahawa, akaitoa kwenye bahasha ya kaki taratibu, amevaa glovu, zile za kuoshea vyombo. Karatasi ya kahawia imejikunja kunja, nikainusa. Inanukia iliki. Yani mtu ameizeesha karatasi kwa kuichovya kwenye chai, sawa, ndo mbinu ya siku zote, lakini kweli unachovya kwenye chai yenye viungo? Huku upande wa kushoto kuna mstari mwekundu wa daftari. Nikaanza kusoma, "Ndugu mpendwa, natumai hujambo, kama wataka kujua hali yangu mimi ni mzima wa afya njema, dhumuni la barua hii..." Shaaban Robert huyo! Mtu aliyekipamba Kiswahili mpaka leo tunamtungia maswali ya mtihani, anaandika barua ya darasa la nne.

Nikapandisha macho juu kwenye anwani, imeandikwa Tanga, Tanzania. Nikamwambia ndugu yangu, mzee huyu kafariki 1962, jina la Tanzania limekuja 1964, hii barua ya 1957 imelipata wapi? Hakutingishika hata kidogo. Akaniangalia kwa huruma akasema, "Kaka, yule alikuwa mshairi. Washairi wanaona mbali."

Na cheti anacho. Ndio, siku hizi barua haiuzwi bila cheti cha uhalisia, hata huko nje muuzaji anakuprintia karatasi yenye nakshi pembeni inayosema mimi muuzaji nathibitisha kwamba ninachouza ni cha kweli, yani mshtakiwa ndo hakimu. Huyu wa kwangu cheti chake kilikuwa na muhuri na saini, na mwandiko wa ile saini una ile ile "r" iliyojikunja mkia iliyoko kwenye barua. Nikampongeza. Chai akalipa yeye, hapo sina lawama.

Baada ya wiki akanirudia ana ya Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870 mpaka 1888, imeandikwa kwa biro ya bluu. Biro zenyewe zimeanza kuuzwa madukani miaka ya 1940. Na ni Kiswahili cha herufi za kizungu, kina na "mambo vipi" ndani. Mtu aliyejenga Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Zanzibar, akakosa karani? Nimemblok.

Ila hata wakubwa wanapigwa, usione hivi. Marekani kuna mashine inaitwa autopen, unaionyesha saini yako inasaini kwa kalamu ya kweli na wino wa kweli, we uko zako umelala, na Kennedy aliitumia sana. Kwahiyo tajiri wa Texas ameweka kwenye fremu saini ya rais, kumbe ni saini ya mtambo. Hilo limenipa nguvu kidogo. Alafu ukiangalia za Livingstone, yule mmisionari mpelelezi wa kizungu, barua zake zinakwenda maelfu ya paundi minadani Uingereza, na mwenyewe mwaka 1871 kule Nyangwe, Kongo, karatasi zilimwishia akawa anaandika shajara yake juu ya magazeti ya zamani kwa wino aliojitengenezea kwa mmea. Wino ukafifia mpaka juzi juzi hapa wanasayansi walilazimika kuleta kamera maalumu za mianga mianga ndo wakaisoma. Mi nikiandika juu ya gazeti la jana mama Sauda anafungia maandazi asubuhi.

Mama Sauda yeye msimamo wake ni mmoja tu. Anashika karatasi anaigeuza nyuma na mbele, ananiuliza "baba Sauda, hii inaliwa?" Nikimwambia ni historia ananiambia historia ndo ada ya mtoto ya muhula uliopita.

Sasa jana jioni nashuka kwenye daladala nanunua karanga za mia mbili kwa yule dogo wa kituoni, nafungua kile kijikaratasi nakuta mwandiko wa mshazari, wino umefifia, "Tabora, 14 Machi 1968", mtu anamwandikia kaka yake anaomba asaidiwe mahari maana mkwe amegoma kupokea mbuzi wagonjwa. Sio mtu maarufu, sijui ni nani, lakini karatasi ya kweli, wino wa kweli, haina iliki, ina chumvi. Namuuliza dogo umezipata wapi, anasema kanunua kwa kilo, kuna nyumba ilikuwa inasafishwa. Nikamwambia niuzie zote. Akasema "nikikuuzia zote karanga nitafungia mkononi?" Na ukurasa wangu unaishia pale pale mkwe anaposema "nikimwona tena yule mbuzi". Wa pili uko wapi? Amechukua dada wa saluni ng'ambo ya barabara, za mia tano.

Nimekimbia. Karanga alishamaliza lakini karatasi ilikuwepo, kaweka chini ya kopo la mafuta ya nywele. Alivyoniona nahema vile akajua tu, akasema elfu kumi. Nikasema elfu moja. Akaikunja akaitia kwenye pochi akaendelea kusuka. Mpaka muda huu tumefika elfu sita, na Sauda nimempeleka kusukwa pale pale ili tuzoeane.