Dunia Yenye Uvungu: Kosa Lililozaa Riwaya

Mwaka 1692 Edmond Halley, yule mwanaastronomia ambaye nyota ya mkia ina jina lake, alidai kuwa dunia ina uvungu: ganda ndani ya ganda, kila moja likizunguka kwa mwendo wake. Hakuwa akiota. Dira za mabaharia zilikuwa zikihama polepole mwaka hadi mwaka, naye akasaka sababu.

Riwaya za safari za chini zikafuata, na wapo wanaozilaumu kwa kulea upuuzi. Wana hoja. Mwaka 1798 mwanasayansi Henry Cavendish aliipima dunia kwa mipira ya madini ya risasi, akakuta uzito wake ni karibu mara tano na nusu ya maji ya ujazo uleule, wakati mawe tunayoyakanyaga hayazidi sana mara tatu. Basi ndani kumeshiba kuliko juu. Hata hivyo, mwaka 1818 kapteni mstaafu wa Marekani, John Cleves Symmes, alisambaza waraka akitaka watu 100 waandamane naye kutoka Siberia hadi kwenye tundu la kaskazini, alilodai ndilo mlango wa kuingilia ndani ya dunia!

Lakini lawama hiyo haimgusi Ludvig Holberg. Katika riwaya yake ya mwaka 1741, Niels Klim anadondoka pangoni karibu na Bergen na kufikia nchi ya miti inayotembea na kusema. Miti hiyo huona wepesi wake wa kuelewa mambo kuwa kasoro, ikampa kazi ya utarishi kwa kuwa ana miguu ya mbio. Anapopendekeza wanawake waondolewe madarakani, anafukuzwa nchini. Anayechekwa hapo ni Ulaya. Uvungu ni jukwaa tu.

Kwa Jules Verne, na riwaya yake ya mwaka 1864 ya safari ya kwenda kitovu cha dunia, naona ugumu zaidi. Axel, msimulizi, anambishia mjomba wake mapema: joto hupanda digrii moja kila futi 70, sasa huko chini si tutayeyuka? Mjomba ana majibu, ila pingamizi msomaji ameshalisikia, na kitovu chenyewe hawakifikii. Kutapikwa na volkano ya Stromboli wakiwa juu ya chelezo, wazima, hilo mimi silimezi. Ila nampenda Verne kwa fumbo analolibakiza hadi mwisho: dira yao inaelekeza kusini badala ya kaskazini. Mjomba hatulii mpaka Axel agundue kwamba tufe la umeme, katika dhoruba ya bahari ya chini, ndilo lililoigeuza sindano.