Kioo, penseli na ukili wa bibi

Bibi yangu wa Wete, miaka yake ya mwisho, alikuwa hanijui tena. Ukimpigia hodi anakuuliza, "Mtoto wa nani wewe?" Unamwambia. Anafurahi, anakukaribisha, anaulizia wazee, na chai haijapoa anakuuliza tena mtoto wa nani. Lakini mpe miyaa ya kusukia mkeka. Vidole vinajiendea vyenyewe, ukili unashuka mapajani, na ukikaa karibu naye ukakosea kupishanisha chane, anakupiga kofi la mkono kukusahihisha.

Mjomba akisema bibi anajifanya. Jirani akisema ni shetani, kuna siku anakuwapo na siku hayupo. Mimi nilikuwa na cheti cha ualimu, somo la saikolojia nimefaulu vizuri tu, na sikuwa na la kuwajibu. Kumbukumbu tulifundishwa kwa maana yake na aina zake, tukaziandika kwenye mtihani, tukasahau. Somo la kumbukumbu, tukalisahau!

Jibu nilikuja kulikuta katika kazi ya profesa mmoja wa saikolojia, Brenda Milner. Alizaliwa Manchester mwaka 1918, akasoma Cambridge, akahamia Kanada mwaka 1944. Huko alifundisha Université de Montréal miaka saba, kwa Kifaransa, huku akisomea shahada ya udaktari McGill, chuo kikuu kingine cha mji huohuo, chini ya profesa Donald Hebb. Utafiti wake aliufanyia kwa Wilder Penfield, bingwa aliyekuwa akiwapasua ubongo wagonjwa wa kifafa. Kazi ya Milner ilikuwa kukaa na wagonjwa hao, kuwapa maswali na michoro, na kuangalia nini kimebaki na nini kimeondoka.

Kisha akaja Henry Molaison. Kijana wa Marekani, kifafa kimemshinda. Mwaka 1953 daktari William Scoville, mjini Hartford, alimtoa vipande vya ndani vya ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, ile iliyopewa jina la farasi wa baharini kwa umbo lake. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo, jambo jipya halikukaa kichwani. Akili yake ilikuwa nzuri, mazungumzo yake mazuri, utoto wake anaukumbuka. Ukitoka chumbani ukarudi, wewe ni mgeni.

Milner alianza kusafiri kutoka Montreal kwenda kumwona mwaka 1955. Mara moja alimpa namba 584 aishike. Baada ya dakika kumi na tano alikuwa bado anayo, kwa sababu muda wote alikuwa akiizungusha kichwani kwa hesabu za kujumlisha na kugawa. Akili yake ilipohamishiwa jambo jingine, namba ilipotea, na hata kwamba aliwahi kupewa namba hakukumbuka. Sisi tuliopita chuoni tukihifadhi Juzuu Amma tunaijua hali ile: aya iko ulimini ukiwa unairudiarudia njia nzima, maalim akikuuliza jina la baba yako kwanza, aya imekwenda. Tofauti ni kwamba sisi, baada ya siku kadhaa, inaingia. Kwa Molaison mlango huo ulikuwa umefungwa.

Kisha akampa mchoro wa nyota yenye mistari miwili, apitishe penseli katikati, huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Jaribuni nyumbani, mkono unakataa kabisa. Kwa siku tatu Molaison alirudia, na kila siku mkono ukawa mwepesi zaidi, ingawa yeye mwenyewe hakukumbuka kuiona ile nyota hata mara moja. Kwa hiyo kumbukumbu si ghala moja. Ya mikono ina njia yake katika ubongo, na ya majina na matukio ina nyingine. Siwezi kusema bibi aliharibika mahali palepale, hakuna aliyempima. Ila mjomba alikosea, hilo nalisema bila kuogopa.

Kuna jambo moja halinipi raha. Molaison alitafitiwa mpaka alipofariki mwaka 2008. Mtu unayemwomba ruhusa leo, na kesho hakumbuki kwamba alikubali, ruhusa yake ni ya namna gani? Visiwani tunawajua watu wa madodoso, wanakuja, wanauliza, wanaondoka, na jibu halirudi kijijini. Atakayefundisha somo hili hapa aanzie hapo.

Na lifundishwe. Nimechoka kuambiwa kwamba sayansi ya ubongo ni ya wenye mashine. Mashine zina kazi yake, na hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, tuna jengo la upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo lililojengwa kwa msaada wa watu wa Hispania. Lakini mgonjwa akishatoka pale, nani anakaa naye kujua kama anakumbuka alichokula asubuhi? Hiyo ni kazi ya mtu wa saikolojia, na zana zake ni karatasi, penseli na uvumilivu. Milner alipopata Tuzo ya Kavli ya sayansi ya ubongo mwaka 2014 alikuwa na miaka zaidi ya tisini, na bado alikuwa akienda kazini.

Muhula huu nilichukua kioo cha nyumbani nikaenda nacho darasani, nikachora nyota ubaoni, nikawaambia wanafunzi wainakili wajaribu. Darasa zima kicheko. Msichana mmoja wa mbele akaniuliza, "Maalim, hili linatoka kwenye mtihani?" Nikamwambia halitoki. Akainama, akaendelea kuchora.