Wapewe Watu Binafsi? Walishapewa!

Tangu video za treni ya umeme ya Dar mpaka Dodoma zianze kuzunguka kwenye simu, kila baraza la Lamu lina bingwa wake wa reli. Juzi pale Mkunguni mmoja akakata shauri: yetu ipewe watu binafsi, mambo yatanyooka. Kahawa ikanipalia.

Walishapewa! Mwaka 2006 reli ya mkoloni, ya Kenya na ya Uganda, ilikodishwa kwa kampuni binafsi, Rift Valley Railways, kwa miaka 25. Kufika 2017 mkataba umevunjwa.

Halafu tunaletewa mfano wa Uingereza. Sawa, tuitazame. Miaka ya tisini waliichanachana reli yao: njia wakaipa kampuni moja, Railtrack, treni wakagawia makampuni zaidi ya ishirini, matengenezo yakaenda kwa wakandarasi. Oktoba 2000, pale Hatfield, chuma cha reli chenye nyufa kikapasuka treni ikipita. Watu wanne walikufa. Nyufa zile zilikuwa zinajulikana! Lakini mwenye njia si mwenye treni, na fundi ni wa mtu wa tatu, kila mmoja anamngoja mwenziwe. Miaka miwili baadaye njia zikatolewa kwa Railtrack, zikapewa Network Rail, isiyotafuta faida, na sasa serikali inayarudisha makampuni ya abiria mkononi mwake, moja baada ya jingine.

"Na Japani je?" Haya, Japani nakubali, shingo upande. Waliigawa reli ya taifa mwaka 1987, na makampuni makubwa yanapata faida. Ila waliigawa kwa maeneo: kampuni ya abiria ina njia yake, treni zake, ratiba yake. Uswisi nako reli kuu ni ya serikali tupu, na treni zafika. Hao wawili wamefanana kwa hilo tu: treni ikichelewa, wa kuulizwa ni mmoja.

Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi iliyojengwa kwa mkopo, siitukani, naipanda na inanifikisha Nairobi. Kule kuyalazimisha makontena ya watu yapande SGR ili deni lilipike, mpaka amri ilipoondolewa 2022, kulikuwa habari nyengine, waulize madereva wa malori wa Mombasa.

Sisi huku, marais wa Kenya na Sudan Kusini na waziri mkuu wa Ethiopia walikuja mwaka 2012 kutuzindulia LAPSSET, mradi wa bandari, barabara na reli ya kutoka Lamu mpaka nchi zao. Gati la kwanza likafunguliwa 2021. Reli ya kwenda Isiolo bado iko kwenye ramani, na watu washaanza kugombania nani aiendeshe. Mimi nataka kitu kimoja kiandikwe kwenye mkataba kabla taruma la kwanza halijalazwa: treni ikikwama Garissa usiku, nimpigie simu nani?